Kikasha cha Veneranda

Vijana wangu wa kompyuta, mnanifurahisha. Mkija hapa kwangu Mkolani, mkishaniamkia na mimi nikaitikia marahaba, macho yenu yanakwenda moja kwa moja kwenye vile vikasha vyeusi nilivyovipanga juu ya kabati pamoja na vikombe vya wageni. Halafu mmoja wenu lazima aulize: "Mama Kulwa, hivi ni kweli enzi zenu mlikuwa mnafunga kompyuta zisizo na kitu ndani?" Na wengine mnacheka. Chekeni tu. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza.

Aliyenionyesha alikuwa marehemu Bwana Kaijage, Mhaya wa Bukoba, mwenye karakana ndogo pale Mwanza mjini iliyokuwa inafunga kompyuta mashuleni. Alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kupanda darini kuvuta waya. Alinipa kikasha mkononi, chepesi, akaniambia nikifungue. Nikakifungua. Hakikuwa na diski. Nikamwambia bosi, hii wamekuuzia mbovu. Akaniuliza: "Mama Kulwa, ukifungua bomba la nyumbani kwako, utakuta maji yamehifadhiwa ndani ya bomba?" Nikamjibu maji yako kwenye tangi. "Basi hilo ulilonalo mkononi ni bomba," akasema, "njoo nikuonyeshe tangi."

Tangi lilikuwa seva. Moja tu, inakaa kwenye chumba chake, na vikasha vyote vya maabara vinaunganishwa nayo kwa waya. Kikasha kikiwashwa hakijui lolote, hata jina lake hakijui. Kinaita kwenye waya, seva inaitikia, inakipa kila kinachohitaji. Mwanafunzi akiandika au akichora, anafanyia kule kule kwenye seva, na akizima, kikasha kinasahau kila kitu. Kila mtoto ana chumba chake ndani ya seva, chenye jina lake. Kesho akikalia kikasha kingine chochote akaandika jina na neno la siri, anakuta chumba chake kilivyo, pamoja na picha aliyoiweka na kazi aliyoishia katikati. Kwa shule zisizo na fedha ilikuwa neema. Kikasha kimoja kikifa unakitupa, unaleta kingine, na mtoto hapotezi hata herufi.

Tatizo lilikuwa kuwaeleza watu. Shule moja kule Sengerema, mkuu wa shule alikuwa mkali kwa siri za mitihani. Nilipokwenda kukagua nikakuta kikasha cha ofisini kwake kimefungiwa kwenye kabati la chuma, na kufuli juu, na ufunguo anautembeza shingoni. Nikamuuliza seva iko wapi. Akanionyesha kwa kidole: iko mlangoni, imewekwa kitambaa cha kufuma na chombo cha maua juu yake, maua yenyewe ya kweli, yana maji. Mitihani yote ya shule ilikuwa mle chini ya maua, mlango wazi, wapita njia wanaangalia. Nilipomsimulia Bwana Kaijage, alicheka mpaka akakaa chini na suruali yake ya pasi.

Shule za kando ya ziwa zilikuwa na adui mwingine. Mnawajua wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama wingu la moshi. Wanaipenda taa, na feni ya seva inawavuta ndani kwa maelfu. Nimewahi kufungua seva nikakuta imejaa wadudu waliobanana mpaka feni haizunguki, na harufu yake sitaki kuikumbuka. Dawa aliijua Bwana Kaijage: unavisha tundu la hewa soksi ndefu nyembamba ya akina mama, hewa inapita, mdudu hapiti. Ila kwenda dukani kuzinunua aliona aibu, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kweli kweli. Akawa ananituma mimi. Muuza duka akadhani nina harusi kila wiki.

Na safari zake! Sasa mnapita pale Busisi juu ya daraja, gari halipunguzi hata mwendo. Sisi tulikuwa tunasubiri kivuko kwenye jua, seva nimeipakata mapajani, nimeifunika blanketi isipigwe na vumbi. Mama mmoja aliwahi kunipisha kwenye benchi, akanong'ona, "Ana umri gani?" Nikamwambia bado mchanga. Nilishindwa kumwambia ukweli, alishanionea huruma.

Bwana Kaijage alifariki, karakana ikafungwa, nikabaki naitwa na shule moja moja. Nikienda, mlinzi wa getini anachungulia nyuma yangu kumtafuta fundi. Hilo nililizoea. Jambo ambalo sikulizoea ni kuitwa kung'oa kile tulichokifunga pamoja. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu miaka ya mwisho, kung'oa. Na kazi ya mwisho kabisa ndiyo ninayotaka kuwaeleza, maana mnaniuliza mengi lakini hiyo hamjawahi kuniuliza.

Ilikuwa shule ya sekondari ya wasichana, nje kidogo ya mji. Walikuwa wamepata vishikwambi, wakaniita niondoe vikasha vyote na kuifuta seva, kwa kuwa ilikuwa inakwenda kwa mtu mwingine. Kufuta seva ni kazi nyepesi kuliko zote. Unaandika amri, mashine inakuuliza kama una uhakika, unajibu ndiyo, unakwenda kunywa chai. Nilikuwa nimefika kwenye hilo swali la uhakika pale mkuu wa shule alipoingia. Mama mmoja mpole, anaongea chini.

"Mama Kulwa, kabla sijasahau," akasema. "Tulikuwa na binti hapa, Veneranda, wa Ukerewe. Alifariki muhula huu. Mama yake aliililia sana kompyuta ya mwanawe, na kwa kuwa hizi tunaziondoa, tukampa ile aliyokuwa anakalia binti, ile ya dirishani. Sasa kila mara ananipigia simu, anasema haiwaki. Naomba umwelekeze namna ya kuiwasha."

Nikamuuliza, "Mlimpa kikasha?"

"Kikasha na skrini yake, na kibodi na kipanya chake. Vyote."

"Basi?"

"Basi. Si ndiyo kompyuta yenyewe?"

Nikaondoa mikono kwenye kibodi. Nikamweleza habari ya bomba na tangi, kama nilivyoelezwa mimi. Mkuu wa shule akavuta kiti akakaa. "Mungu wangu," akasema, "nimempa mama wa watu kitu kitupu akakae nacho msibani."

Seva bado ilikuwa inasubiri jibu. Nikajibu hapana. Nikatafuta kwenye orodha ya vyumba, na jina la Veneranda lilikuwepo.

Hapa nisikilizeni kama mafundi. Mkitakiwa kuokoa kazi ya mtu, msichukue tu zile faili zinazoonekana, barua na picha, mkadhani mmemaliza. Chukueni chumba kizima, na vile vilivyofichwa, ile mipangilio midogo midogo ambayo hata mwenyewe hakumbuki kama aliiweka. Rangi aliyoipenda, ukubwa wa maandishi aliouzoea, vyote. Bwana Kaijage alikuwa anasema vitu vya mtu ni pamoja na namna alivyovipanga. Nikakihamisha chumba chote kwenye laptopu yangu ya majaribio, ile niliyokuwa natembea nayo ikifanya kazi ya seva ndogo. Sikufungua hata faili moja. Kuwa na ufunguo wa chumba cha mtu si ruhusa ya kuingia.

Halafu nikampigia mama yake. Aliposikia mimi ni fundi, hakusalimia hata. "Itawaka?" akauliza.

"Itawaka, mama. Ila usihangaike nayo tena. Nakuja mwenyewe."

Nikapanda meli kwenda Nansio, laptopu begani, swichi ya kugawia mtandao na nyaya kwenye kikapu. Sikumdai mtu nauli na wala sikuwa nimetumwa. Nina mapacha wangu, Kulwa na Doto, wazima, na sikuweza kukaa Mkolani nikijua kuna mama anabonyeza kitufe cha bomba lisilo na tangi.

Nyumba yao iko jirani na ufukwe, na mama huyo kazi yake ni kuanika na kuuza dagaa. Siku hiyo vichanja vilikuwa vitupu. Nje kulikuwa na watu wamekaa kwenye mikeka na viti vya kuazima, na moto wa msiba ulikuwa bado unawaka, chungu juu yake. Nilishangaa, kwa sababu binti alizikwa zamani. Mzee mmoja akanyanyuka, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanivuta pembeni. Alikuwa Mzee Malima, kaka wa marehemu baba yake Veneranda, baba mkubwa wa huyo binti na mkubwa wa ukoo.

"Wewe ndiye fundi? Tusaidie, mama," akasema. "Arobaini ilishapita. Ndugu walirudi makwao, leo wamekuja tena kwa ajili yako. Shemeji yangu hataki tuanue matanga. Mpaka leo analala chini. Nguo za mtoto hataki ziguswe. Dagaa hashiki. Anasema mpaka kompyuta iseme."

"Iseme nini?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nikimuuliza ananifukuza."

Mama Veneranda alikuwa ndani. Mwembamba, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu. Kikasha kilikuwa mezani, kimefunikwa kitambaa cheupe, na rozari juu yake. Tuliposalimiana hakutoa machozi, akaanza kusema kama mtu aliyejiandaa muda mrefu.

"Dada, mwanangu alizaliwa na selimundu. Nimemlea na ugonjwa ule tangu anatambaa. Ukimshika huo mkono wa kulia, bega na vidole vinavimba, analia mpaka sauti inakauka. Shuleni wananiambia alikuwa mzima kabisa mpaka ile siku ya mwisho. Mzima kabisa! Mimi naujua ugonjwa ule, hauji hivyo. Madaftari yake nimeyapitia yote, mwandiko ni mzuri, hauna shida. Wenzake nimewauliza, wanasema alikuwa anacheka. Nataka kujua kitu kimoja. Mwanangu aliumwa muda gani peke yake? Likizo aliniambia, mama, vitu vyangu vyote viko kwenye kompyuta yangu, siku ukija nitakuonyesha. Sasa nimeileta, haisemi."

Ilinibidi nimwambie ukweli. Nikamwambia kikasha hiki hakina kitu, hakijawahi kuwa na kitu, na binti yake angeweza kukalia chochote kati ya vile vya maabara, ingekuwa sawa tu. Nikamweleza bomba na tangi.

Akakitazama. "Kwa hiyo nimesali juu ya bomba," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamjibu, "Lakini tangi nimekuja nalo, Mama Vene. Liko begani kwangu. Na hiki kikasha chake ndicho tutakachotumia, hatutatumia kingine."

Akaondoa rozari mwenyewe, akakunja kitambaa. Nikaweka laptopu chini ya meza, nikaweka swichi, nikavuta waya mmoja hadi kwenye kikasha. Nimefunga maabara nyingi, lakini sijawahi kufunga seva ya mtu mmoja. Umeme ulikuwepo. Mzee Malima alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Nikabonyeza. Kikasha kikaita, nikaona maandishi meupe yanateremka kwenye skrini, na laptopu ikaitikia. Likaja lile dirisha la kuingilia. Nikaandika jina: Veneranda, na neno la siri nililoliweka upya mimi kama fundi wa seva.

Chumba kikafunguka. Nyuma alikuwa ameweka picha ya ziwa. Mama yake akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Nikasogeza kipanya kwenye folda yake, nikabonyeza. Haikufunguka, badala yake ikatokea orodha ya kando, ile inayotokea ukibonyeza kitufe cha upande wa pili. Nikabonyeza tena, vile vile. Nikajisemea hiki kipanya kimeingia vumbi la safari, au magamba ya dagaa. Nikakichomoa, nikachomeka cha kwangu, kizima, kipya. Vile vile. Nikaona aibu mbele za watu. Fundi kutoka Mwanza, na kubonyeza kumenishinda. Mzee Malima akakohoa.

Ndipo nikaingia kwenye mipangilio, na nikaona. Vitufe vilikuwa vimebadilishwa, cha kulia kimekuwa cha kushoto. Haiwi hivyo yenyewe. Lazima mtu aingie akachague. Na kwa kuwa ni mipangilio ya chumba chake, kila alipokaa ilimfuata, na hakuna mwalimu aliyeweza kuiona bila kuingia kwa jina lake. Kwa mazoea ya kazi nilikuwa karibu kuirudisha. Nikauliza tu, kupitisha muda: "Kumbe Veneranda alikuwa wa mkono wa kushoto?"

"Hapana," mama yake akasema. "Mwanangu ni wa kulia."

"Kwetu wa kushoto hatuna," Mzee Malima akadakia pale mlangoni.

Nikaiacha ilivyo. Nikakihamisha kipanya upande wa pili wa kibodi, nikakishika kwa mkono wangu wa kushoto, nikabonyeza. Folda ikafunguka mara moja.

Zilikuwa picha za kuchora, nyingi, na zote ni za kuku. Kuku mmoja yule yule wa kishungi, kila kipindi cha kompyuta anamchora upya. Mama Vene akacheka, kicheko kifupi, cha kwanza. "Huyu ni wetu. Yuko hapo nje. Alikuwa anampenda huyu kuku kuliko sisi." Nikazipanga kwa tarehe na kuzifungua moja moja. Wale wa mwanzo wa muhula walikuwa kuku wazuri, mstari umetulia, wanatazama kushoto kwa skrini, upande lilipokuwa dirisha la nyumba. Halafu mstari ukaanza kukatikakatika. Mguu hauungani na mwili, kishungi kimekuwa vumbi. Kadiri nilivyoendelea walizidi kuharibika. Nikataka kuwaruka, nikamwambia, "Mama Vene, hawa wote ni sawa, ngoja nitafute vingine."

"Si sawa," akasema. "Usiruke. Hapa alikuwa anaumwa. Na hapa. Hapa aliumwa sana. Hii tarehe gani?"

Nikamwambia. Ilikuwa Kwaresima haijafika hata katikati.

Nikafungua nyingine. Kuku wa hovyo kabisa, kama wa mtoto wa chekechea. Mama Vene akausogeza uso wake kwenye skrini. "Huyu amegeuka," akasema.

Ni kweli. Kuku alikuwa anatazama kulia, upande wa mlango. Na waliofuata wote walitazama mlangoni. Mtu wa mkono wa kulia akichora mnyama, mara nyingi kichwa hukielekeza kushoto kwake. Akitumia mkono mwingine, mnyama naye hugeuka. Sikumweleza hilo. Alishaelewa kabla yangu. Kuku wale waliogeuka walianza vibaya, kisha kila wiki wakatengenea kidogo, mpaka wa mwisho wakawa wazuri, kishungi kimesimama, kila unyoya mahali pake.

"Alijifunza," mama yake akasema. "Darasani anajikaza anaandika kwa kulia, na mkono unauma, ili mwalimu asimuulize. Kwenye hii ndiko alikopumzisha mkono. Mwaka juzi alipougua nilimrudisha nyumbani, akakosa muhula mzima. Alilia sana. Aliogopa nitamrudisha tena."

Nilikuwa nimeshaanza kulia mimi. Yeye bado. Akaniuliza tena tarehe, ya huyu kuku mzuri wa kwanza aliyetazama mlangoni. Nikamwambia ni siku chache kabla ya Pasaka.

"Pasaka alikuja hapa," akasema polepole. Akamgeukia Mzee Malima. "Ulikuwa umekaa pale nje, shemeji. Nikamwambia, Vene, mpe baba mkubwa maji. Akakuletea kwa mkono wa kushoto."

Mzee akainama. "Nakumbuka."

"Nikamgombeza mbele ya watu. Nikamwambia, mkono gani huo unampa mtu mzima maji? Shuleni ndiyo adabu wanayokufundisha? Akasema samahani mama. Akahamishia kulia, kikombe kikatetemeka, maji yakamwagika, nikamgombeza tena." Akaweka kiganja juu ya kikasha. "Mkono ulikuwa unamuuma mbele ya macho yangu, na mimi nahesabu adabu."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti kubwa, akaanguka kwenye mkeka, na wanawake wakaja mbio kutoka nje wakamshika. Sikujua la kufanya. Mimi ni fundi, nilikuwa nimezoea kwamba mashine ikiwaka, kazi imekwisha na watu wanafurahi. Nilijuta kuja, nawaambia kweli. Nilijiuliza kama isingekuwa heri kumjibu mkuu wa shule kwamba kikasha kimeharibika, na kuijibu seva ndiyo.

Alipotulia alinyanyuka, akanawa uso, akakaa kwenye kiti cha mbele ya kikasha. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kipanya. Nikamwonyesha kitufe. Akawafungua kuku wote tena, mmoja baada ya mwingine, mwenyewe, tangu mwanzo, na sisi tukasubiri. Alipomaliza akaniambia, "Usiirudishe."

"Sitairudisha, Mama Vene. Naiacha hivi hivi, pamoja na laptopu."

Tukatoka nje. Watu walikuwa kwenye mikeka yao, wameshasikia kilio, hawajui kimetokea nini. Mzee Malima akaenda akakaa kwenye kiti chake katikati ya ndugu, kofia akaiweka gotini. Hakuhutubia. Alimtazama yule mama aliyesimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Shemeji, nina kiu. Naomba maji."

Mama Veneranda akaingia ndani, akatoka na kikombe. Akapita mbele ya ukoo mzima, akampelekea kwa mkono wa kushoto. Bibi mmoja akaguna kwa mshangao, akanyamazishwa. Mzee Malima akasimama, akakipokea kwa mikono yake miwili, akanywa yote.

"Mtoto wetu aliumwa muda mrefu, na hatukumwona," akawaambia. "Sasa tuanue."